Filamu ya Mama Asiyesema Uongo

Edith Kangwa alitaka kuwatia watu hofu. Jambo hilo lilimshangaza kila aliyemjua, maana alikuwa mama wa watoto wanne, mwimbaji wa kwaya ya parokia, na kwa miaka mingi watu wa Lubumbashi walimfahamu kwa meza yake ya samaki wakavu sokoni. Lakini tangu utotoni, siku zile padri alipotundika shuka ukutani na kuwaonyesha watoto filamu baada ya katekisimu, Edith ndiye aliyekaa mbele kabisa. Muuaji alipotokea wenzake walifumba macho. Yeye aliyakodoa. Alitaka kujua wale watu walifanyaje hata moyo wake ukadunda vile, na hali muuaji mwenyewe ni picha tu juu ya shuka.

Hamu ile haikumtoka. Alizaa, alilea, aliuza samaki, na Nono, kifunguamimba wake, alipopata kazi, akaiacha meza ya sokoni na kwenda kujiandikisha katika chuo cha sanaa. Wanafunzi wenzake walikuwa rika la watoto wake. Walimwita Maman Edith, wakamwachia kiti cha mbele, na mwanzoni walimwonea aibu kumkosoa. Aibu hiyo iliisha upesi. Edith aliuliza maswali mengi, aliharibu picha nyingi, na alirudia kila kitu mpaka kikae sawa.

Mwaka wa kumaliza ulipofika, kila kundi lilitakiwa kutengeneza filamu fupi. Mwalimu wao alimwita pembeni.

"Maman, juu ya nini usitengeneze filme ya bamama ba soko? Ile maisha unaijua."

"Minaijua sana," Edith akajibu. "Njo maana haiwezi kuniogopesha. Mi minataka bantu baogope."

Hadithi aliyoiandika ilikuwa fupi. Mwanamke kijana amenunua kiwanja huko Annexe, pembezoni mwa mji, amejenga nyumba kidogo kidogo, amehamia kabla haijaisha. Siku moja anarudi kutoka kuchota maji, anamkuta mtu asiyemjua amekaa sebuleni kwenye kiti. Mtu huyo anasema nyumba ni yake. Hana panga, hapigi kelele, hatukani. Haondoki tu. Edith alijua kwamba mjini hakuna asiyeogopa kusikia kiwanja chake kimeuzwa pia kwa mwingine, na kwamba hofu hiyo haihitaji damu.

Kundi lake lilikuwa la watu watatu pamoja naye. Antoine alishika kamera na pia sauti, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Gracia, msichana mwenye macho makubwa na sauti nzito, ndiye angekuwa mwenye nyumba. Mtu wa kwenye kiti angechezwa na Jeannot, rafiki wa Antoine, kijana mrefu aliyefanya kazi kwa wakala wa forodha kule mpakani Kasumbalesa.

Chuo kilikuwa na kamera moja ya maana, na kila kundi lilipewa Jumamosi na Jumapili moja tu. Betri zilikuwa mbili, na moja yake ilikuwa mgonjwa. Taa hazikuwapo kabisa. Edith alikuwa ameahidiwa jenereta, ili apige picha za giza kama filamu zote za kutisha, lakini wiki ileile mwenye jenereta alifiwa na shemeji, na jenereta ikaenda kuwasha taa za matanga. Huwezi kumdai mtu jenereta ya msiba. Edith alikaa na maandishi yake, akafuta neno "usiku" kila lilipoandikwa, akaweka "mchana".

"Maman, nani ataogopa mchana?" Antoine aliuliza.

"Mwizi wa usiku tulishamuzoea," Edith akasema. "Wa mchana, jua ikiwaka, huyo unamukimbilia wapi?"

Jumamosi asubuhi walikutana Annexe, kwenye nyumba ya mjomba wake Antoine. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, nusu yake imeezekwa mabati, nusu ingali wazi, madirisha ni mashimo tu, na mahindi yamesogea hadi ukutani. Edith aliipenda mara moja. Walitandaza vitu vyao, wakamngoja Jeannot. Jua likapanda. Hatimaye simu ya Antoine ikalia, na ujumbe wa sauti ukasikika, nyuma yake honi za malori zikipiga bila kukoma.

"Antoine, omba Maman Edith anisamehe. Malori imejaa huku, mustari haitembei, patron anasema mwenye kutoka leo asirudie ku kazi. Sitaweza kuya. Hata kesho."

Gracia akakaa juu ya ndoo. Antoine akaanza kuifunga kamera.

"Tuache tu, Maman. Tuandikie chuo, tuombe siku ingine."

"Siku ingine kamera iko na bengine. Unajua."

"Sasa tutafanya nini? Filme ya muntu wa kiti, bila muntu?"

Edith aliangalia kile kiti, kigoda cha mbao walichokiweka katikati ya sebule tupu. Moyo wake ulikuwa umeshuka mpaka miguuni, lakini hakutaka watoto wale wauone huko chini.

"Kamera tuko nayo, nyumba tuko nayo, Gracia eko hapa," alisema. "Leo tunapiga picha za Gracia zote. Kuchota maji, kupita mu mahindi, kufungua mulango. Na ile anaona muntu, tunapiga uso wake."

"Na nitaogopa nini, Maman?" Gracia aliuliza. "Kiti?"

"Ogopa kiti."

Basi Gracia alikiogopa kiti. Mara ya kwanza aliangua kicheko, na mara ya pili pia. Edith hakukasirika, alimrudisha nje, akamwambia abebe ndoo iliyojaa kweli, azunguke mahindi yote, ndipo aingie. Aliporudi akihema, mikono ikimtetemeka kwa uzito, akakiona kigoda pale katikati, uso wake ukafanya kitu ambacho Antoine hakuthubutu kupepesa macho asikikose. Walifanya kazi hivyo hadi mwanga ukawa mwekundu.

Edith alirudi nyumbani Katuba akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Huko alimkuta mama mkwe wake, Mama Chileshe, amekaa sebuleni akibambua karanga.

Sharti tuseme kidogo juu ya Mama Chileshe. Alizaliwa Pweto, akaolewa na mtu wa reli, na alipofiwa na mumewe akahamia kwa mwanawe Donat, mume wa Edith. Watoto wawili wa kwanza walikuwa wamemfia, na Donat alipozaliwa akamwahidi Mungu kwamba huyu atakuwa padri. Donat akakua, akaingia seminari, akakutana na Edith kwenye kwaya, akatoka seminari. Mama Chileshe alihudhuria ndoa, akacheza ngoma, akapokea wageni. Hakusema neno siku ile, wala baadaye. Hakuwahi kumtukana Edith wala kumnyima kitu. Ni yeye aliyemfungulia ile meza ya samaki, kwa mzigo ulioletwa na ndugu zake kutoka ziwani. Lakini kila Edith alipoingia sebuleni na kumkuta amekaa vile, macho yakiwa kwenye karanga, alijiona kama mtu aliyekuja kuomba kitu kwenye nyumba ya wenyewe.

Jioni ile alisimama mlangoni, akajiona hivyohivyo. Safari hii hakupita kwenda jikoni. Alibaki palepale akimtazama yule mzee, na mwili ukamsisimka.

"Mama, niko na kazi moja ya kubaomba."

"Sema, Mama Nono."

"Muntu wetu wa filme hakukuya. Minatafuta mwenye kuikala ku kiti. Minataka mukuwe nyinyi."

Mama Chileshe aliendelea na karanga zake. "Na huyo muntu wa kiti anafanya nini?"

"Anaikala mu nyumba ya mwingine, anasema iko yake."

"Na iko yake?"

"Hapana, Mama."

"Basi iko muongo, anasema bongo. Mi sisemake bongo. Hata ya kuchezea."

Edith aliijua sauti ile. Ilikuwa mlango unaofungwa. Akaenda kusonga bukari. Alisonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akifikiri, na kabla ya kupakua akarudi sebuleni na mwiko mkononi.

"Na kama munasema kweli tu? Gracia atabauliza maulizo, nyinyi munajibu kweli. Hakuna kuongeza kitu."

Mama Chileshe akainua macho kwa mara ya kwanza. "Kweli yangu mimi?"

"Yenu nyinyi."

Mzee akataja masharti yake. Angeenda kwanza Misa. Asingelala chini kama maiti. Na pasiwepo mtu wa kumpaka rangi usoni. Edith alikubali yote, na baada ya kula alikaa mezani akaiandika hadithi upya. Maneno ya yule mtu wa kitini aliyafuta yote, akaacha mahali patupu. Akabakiza maswali ya Gracia, na jibu moja tu la mwisho, "Minangojea mutoto yangu." Hilo lingekuwa kweli, kwa sababu Donat ndiye angekuja jioni kumchukua mama yake.

Jumapili, Misa ilipoisha, Mama Chileshe aliteremka kwenye teksi akiwa amevaa kikwembe cha akina mama wa parokia, rozari shingoni, mkoba kwapani. Antoine alimwangalia, kisha akamvuta Edith pembeni.

"Maman, huyu iko koko ya bantu, mwenye banajukuu. Nani atamuogopa?"

"Ngoja."

Mama Chileshe alikaa kwenye kigoda, akapanga kikwembe juu ya magoti, akaweka mikono juu yake. Akatulia kabisa. Antoine akawasha kamera. Gracia akaingia na ndoo yake.

"Muko nani?"

"Miko Chileshe."

"Munafanya nini humu?"

"Minaikala."

"Nani alibafungulia mulango?"

"Hapa hapana mulango, mutoto. Angalia."

Gracia, bila kuambiwa, akageuka kuangalia. Kweli palikuwa na fremu tupu, na nje yake mahindi yakitikisika. Ndoo ikamponyoka. Antoine hakuwa na koko wa watu tena mbele ya kamera yake, na Edith aliona nywele za mkono wake zimesimama. Yule mzee hakukunja uso, hakubadili sauti. Alijibu tu, kama mtu anayejibu mbele ya padri, na kila jibu lilimfunga Gracia mahali ambapo hapakuwa na pa kutokea.

"Munatoka wapi?"

"Mbali."

"Mutaenda saa gani?"

"Sijui. Hakuna mwenye kuniambia."

Walipiga sehemu nyingi hivyo, hadi mawingu yakakusanyika juu ya Annexe na mvua ikaanguka kwa kishindo juu ya mabati. Sauti ikawa haifai. Walijibanza upande ulioezekwa, wakala mikate, wakiiangalia betri nzima ikielekea mwisho, maana ile mgonjwa ilikuwa imekata roho tangu asubuhi. Ilibaki sehemu moja, ya mwisho. Antoine alisema afadhali waimalize filamu hapo walipofika.

"Bila mwisho?" Edith akauliza. "Bantu baende ku nyumba na kuuliza koko alienda wapi?"

"Betri itakufa katikati, Maman."

"Ikufe katikati. Lakini isikufe mu sanduku."

Walingoja. Mvua ikapungua, ikawa manyunyu, matone yakidondoka mojamoja kutoka kwenye bati. Mwanga ulikuwa wa kijivu, mzuri kuliko taa yoyote ambayo wangeweza kuipata. Edith akasimama nyuma ya Antoine, akamkumbusha Mama Chileshe lile jibu moja. Mzee akatikisa kichwa kwamba amesikia. Kamera ikawaka.

"Munatafuta nini ku nyumba yangu?" Gracia aliuliza, na safari hii alikuwa karibu kulia kweli.

Mama Chileshe akanyosha kikwembe magotini. Matone yakadondoka. Kisha akainua macho, akayapitisha juu ya bega la Gracia, juu ya kamera, yakatua juu ya Edith.

"Mutoto yangu balininyanganya," alisema taratibu. "Nilimutoa kwa Mungu. Mwanamuke mumoja akakuya, akamubeba. Minaikala mu nyumba yake, minakula chakula yake, banajukuu banacheza ku magoti yangu, na minabapenda. Lakini huyo mwanamuke hata siku moja hakuniuliza kama ilinivunja roho."

Gracia hakujua chochote kuhusu seminari wala ndoa. Alijua tu kwamba maneno yale hayakuwa kwenye karatasi, na kwamba kamera ilikuwa bado inatembea. Akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Na munataka nini?" akanong'ona.

"Nilishasema."

Antoine aligeuza jicho kidogo kumtazama Edith, akingoja amri ya kukata. Uso wa Edith uliwaka kwa aibu. Alitaka kutoka nje, aingie kwenye mahindi yale, asirudi. Lakini alijua pia, kwa lile jicho lililokuwa likikodoka mbele ya shuka la padri, kwamba hii ndiyo picha aliyoitafuta maisha yake yote. Akainua kiganja: endelea. Kamera ikaendelea, mzee ametulia, Gracia chini, mvua ikianza upya mbali, mpaka taa nyekundu ikafifia na betri ikafa.

Hakuna aliyepiga makofi. Donat alifika na gari la rafiki yake, akawakuta wote wananyamaza kama watu wa matanga, akauliza kama filamu imeharibika.

"Imeisha," mama yake akamjibu. Ilikuwa kweli.

Siku zilizofuata Edith alikaa kwenye kompyuta ya chuo, akikata na kuunganisha. Alilisikia lile neno "balininyanganya" masikioni mwake mara nyingi hata akaota nalo. Angeweza kulikata. Picha ya uso tu ingetosha, na watu wangeogopa. Lakini kila alipoliondoa, filamu ililala. Aliporudisha, iliamka.

Asubuhi moja, Donat akiwa kazini, hakwenda chuoni. Aliketi chini, kwenye mkeka, mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, ile neno ya mwisho. Minaweza kuiacha mu filme? Bantu wote batasikia. Donat atasikia."

"Nilisema bongo?"

"Hapana."

"Basi?"

Edith akavuta pumzi. "Ilibavunja roho?"

"Kabisa," Mama Chileshe akasema. "Nilikuwa nikienda ku Misa, minaona batoto ba bengine bamekuwa bapadri pale mbele, minaangalia chini."

"Sitasema pole juu ya kuolewa na Donat. Nikisema, itakuwa bongo. Nilimupenda, na hata leo. Lakini kubauliza, nilipaswa kubauliza. Niliogopa. Hiyo, munisamehe."

Mzee akaangalia mikono yake. Kisha akaangalia mlango.

"Uliogopa," akarudia, kana kwamba analipima neno. "Mi nilifikiri unanizarau."

Hawakukumbatiana wala kulia. Mama Chileshe alisema tu kwamba angemwambia Donat mwenyewe, kabla hajasikia mbele ya watu, na jioni ile akamwita mwanawe uani. Edith aliwaona kutoka dirishani, wawili hao wamekaa kwenye benchi. Donat aliongea kidogo, akasikiliza sana. Alipoingia ndani macho yalikuwa mekundu. Alimwuliza Edith kama chai ipo.

Siku ya maonyesho ukumbi wa chuo ulijaa wanafunzi, wazazi na walimu. Mama Chileshe alikaa katikati ya Edith na Donat, amevaa kikwembe kilekile. Filamu ilikuwa na makosa, na Edith aliyaona yote: kivuli cha Antoine ukutani, sauti iliyoliwa na mvua, ndoo iliyobadilika rangi kati ya Jumamosi na Jumapili. Lakini mzee alipotokea kwenye kigoda chake, ukumbi uliacha kunong'ona. Gracia alipogeuka kuutafuta mlango usiokuwepo, mtu mmoja nyuma alipiga yowe. Na neno la mwisho lilipotoka, na lile jicho likawatazama wote, Edith hakuiangalia skrini. Aligeuka kuwatazama watu. Walikuwa wameshikana mikono, hata waliokuwa hawajuani.

Mwalimu wao alisema sauti ni mbaya, na kwamba hajawahi kuona mwanafunzi akimwongoza mchezaji vile. Edith akamwambia ukweli, kwamba hakumwongoza. Mwalimu alimpa alama za kufaulu, si za juu kabisa. Gracia alipokuja kumsalimu Mama Chileshe, aliinama kwa heshima lakini akakaa mbali kidogo, na mzee akacheka hadi akalazimika kujifuta macho.

Walirudi nyumbani kwa miguu sehemu ya njia, kwa kuwa Donat alibaki kusalimiana na watu.

"Muliogopa, Mama?" Edith akauliza.

"Ya nini? Nilijua nitasema nini." Mama Chileshe alitembea kidogo, kisha akaongeza, "Lakini yule mwanamuke wa nyumba. Ndoo ingine ilikuwa ya bleu, ingine nyekundu. Hiyo ni bongo, Edith. Siku ingine uniulize mbele ya kuanza."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Edith alilitambua hilo walipofika kwenye kona, akaliacha lipite, akamshika mkono mzee wavuke barabara.